Breki za diski zimeingia mafuta, zinalia na hazishiki. Naomba msaada kabla ya Jumamosi

mshuka_milima

Habari za saa hizi wakuu. Niko Lushoto, nina baiskeli ya mlima niliyonunua mtumba Dar, breki zake ni diski za haidroliki (zinazosukumwa na mafuta ya ndani ya mpira) za Shimano, mbele diski ya milimita 180 nyuma 160. Hazijawahi kunisumbua hata siku moja mpaka wiki iliyopita.

Ilikuwa hivi. Nilitoka Magamba cheni imejaa vumbi inakwaruza, nikachukua lile kopo la spray la kulegeza nati zenye kutu nikapulizia cheni yote na sproketi za nyuma huku nazungusha pedeli, nikafuta nikaegesha. Kesho yake nashuka kwenda Soni nabana breki ya nyuma, inapiga ukelele watu barabarani wanageuka, na baiskeli haisimami, inaenda tu. Mkono wa breki haujalegea, ni mgumu vilevile kama zamani, ila nguvu hakuna. Nikarudi kwa kutumia ya mbele peke yake.

Nikampelekea fundi mmoja huku, akasema hiyo kelele ni ukavu, akapaka grisi kidogo kwenye diski ya nyuma na ya mbele pia "ili zifanane". Kelele ikaisha kweli ila sasa hata ya mbele haishiki!! Nimeosha diski zote mbili kwa mafuta ya taa na kitambaa, bado vilevile, naona hata imezidi.

Nauliza, hizi pedi zinaokoleka au nitupe? Na diski je, nazo zimekufa? Jumamosi nina wageni wawili wa kuwashusha mpaka Mombo na hii baiskeli ilikuwa ya mmoja wao. Anayeijua hiyo barabara anajua ni zaidi ya kilomita 30 za kona na mteremko, sio pa kujaribia breki. Asanteni.

---

cheni_kavu

Pole mkuu. Hiyo dawa yake ni moto tu. Toa pedi, ziweke juu ya jiko la gesi upande wa kusugulia ukiangalia chini, utaona moshi unatoka, hayo ndio mafuta yanaungua, moshi ukiisha acha zipoe kisha piga msasa rudisha. Diski osha na petroli. Mimi nimefanya mara mbili na zikashika.

---

gereji_ya_nyumbani

Ndugu mshuka_milima, pole sana, na shukuru Mungu umeligundua ukiwa unaelekea Soni na sio kule chini kwenye kona za kuingia Mombo. Nitakuandikia kwa urefu kwa sababu hili jambo limenitesa miaka na nimeharibu pedi nyingi mpaka nikaelewa.

Kwanza elewa kilichotokea, ukishaelewa hutadanganywa na mtu. Pedi ya breki sio chuma kigumu kama inavyoonekana, ina vitundu vidogo vidogo kama mkate. Tone la mafuta likigusa halikai juu, linanyonywa ndani. Ile spray ulipopulizia sproketi ilirusha ukungu mpaka kwenye diski maana ziko karibu kabisa, ukazungusha gurudumu, diski ikapeleka mafuta kwenye pedi, pedi ikanywa. Ndio maana mkono wako uko mgumu lakini nguvu hakuna: upande wa haidroliki unafanya kazi yake vizuri, pistoni zinasukuma, ila pedi inateleza juu ya diski. Kwa hiyo mtu asikwambie utoe hewa, hewa ingekuwepo mkono ungekuwa laini unaingia mpaka kwenye mshikio.

Pili grisi. Hapo roho imeniuma. Diski ya breki haipakwi kitu chochote, sio grisi, sio oil, sio silikoni, hata kidole chako usiguse maana mikono ina mafuta. Kelele iliisha kwa sababu msuguano umeisha, na msuguano ndio breki yenyewe. Mafuta ya taa nayo ni mafuta, yakikauka yanaacha utando, kwa hiyo umeosha mafuta kwa mafuta. Petroli aliyosema mkuu hapo juu afadhali kidogo inakauka haraka, lakini nayo ina viongezeo vinavyobaki, na ni hatari ya moto, sishauri.

Sasa kuhusu kuchoma. Sisemi mkuu cheni_kavu anadanganya, hata mimi nimechoma, na kweli unapanda baiskeli unaona inashika. Shida yake ni hii: moto unaunguza mafuta ya juu, ya ndani yanabaki. Unaenda mteremko mrefu, pedi inapata joto kali, yale ya ndani yanapanda juu, na breki inakuacha katikati ya mteremko ambapo ndipo unaihitaji. Imenitokea. Tena pedi nyingi zinazokuja na baiskeli za kawaida ni za rezini, na rezini ndiyo inayoshikilia ule unga pamoja, ukiiunguza pedi inakuwa dhaifu inamomonyoka, na inaweza kubanduka kwenye bati lake. Na ule moshi usiuvute. Na mtu asije akapuliza brake cleaner ya magari kwenye pedi halafu akaweka motoni, kuna aina zenye klorini ambazo zikikutana na moto zinatoa gesi ya fosjini, ile ni sumu ya kuua, sio utani.

Kwa njia tambarare ya kwenda dukani, piga msasa ujaribu, ni uamuzi wako. Kwa mgeni wa watu anayeshuka mpaka Mombo, pedi mpya mbele na nyuma, hakuna mjadala. Pedi ni kitu cha kuisha, diski ndiyo ya kuokoa. Na diski zako hazijafa, chuma hakinywi mafuta.

Mpangilio ndio muhimu na ndipo wengi wanaharibu. Mtu ananunua pedi mpya anazichomeka kwenye diski chafu, ndani ya dakika mbili amezichafua na zenyewe, anarudi kusema duka limemuuzia feki. Diski kwanza, tena na kalipa (kile kibanio chenye pistoni kinachobeba pedi), halafu pedi.

Toa magurudumu, toa pedi zote uzitupe mbali na eneo la kazi. Fungua diski kama unaweza, zile za boliti sita zinatumia spana ya nyota namba T25, usilazimishe na spana L itakula vichwa. Osha diski kwa maji ya moto na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, sugua na mswaki mpya ambao haujagusa cheni, pande zote mbili na ndani ya vile vitundu maana grisi inajificha humo. Suuza sana. Rudia. Halafu ikikauka ifute kwa spiriti safi na kitambaa cheupe, unageuza upande msafi kila unapofuta, mpaka kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia. Kisha piga msasa laini kwa wepesi, kama namba 220, kwa mzunguko mdogo mdogo ili kutoa ule mng'ao na mabaki ya pedi za zamani, halafu futa tena kwa spiriti. Kuanzia hapo shika diski pembeni tu.

Ukiwa umeitoa angalia unene wake. Diski za Shimano mpya zina 1.8 mm na mwisho wa matumizi ni 1.5 mm, hata imeandikwa juu yake. Fundi yeyote wa kuchonga vyuma ana venia, mwombe akupimie. Na angalia kama imeandikwa RESIN PAD ONLY. Kama imeandikwa hivyo nunua pedi za rezini, za metali zitaila hiyo diski.

Kalipa nayo ufute ndani kwa pamba ya masikio yenye spiriti. Hapo usitumie brake cleaner, inaweza kuharibu sili za mpira za pistoni.

---

mshuka_milima

Mkuu ubarikiwe, kweli sikujua kabisa kuhusu hivyo vitundu. Diski nimetoa, imeandikwa hiyo resin pad only. Pedi za zamani nyuma ya bati zimeandikwa B01S. Maswali mawili. Spiriti ipi? Duka la dawa hapa wana surgical spirit na sanitizer ipo kibao tangu enzi za korona. Halafu msasa kwenye pedi, hata za rezini, nikipata mafuta kidogo tu siku nyingine si naweza kuzisugua?

---

gereji_ya_nyumbani

Sanitizer hapana kabisa!! Ile wanaweka glisarini ili mikono isikauke, na glisarini inabaki kwenye diski kama utando. Surgical spirit inategemea, kuna zinazochanganywa mafuta ya mbarika kwa ajili ya ngozi. Soma kibandiko, na kama huamini fanya hivi: dondosha tone moja kwenye kioo kisafi, acha likauke lenyewe, kisha angalia kioo kwenye mwanga kwa ubavu. Kikibaki na duara la utando hiyo usitumie. Bora zaidi ni isopropili alkoholi ya asilimia 99, mafundi simu ndio wanaosafishia bodi, nenda kwa fundi simu yeyote hapo Lushoto mwombe akuuzie kidogo kwenye kichupa. Kama hana basi Tanga mjini hutakosa, na Kariakoo ndio imejaa.

B01S unaweza kuweka B03S au B05S, umbo ni lile lile, usihangaike kutafuta B01S yenyewe.

Msasa kwenye pedi ndiyo unasaidia kama imegusa mafuta kidogo sana na umewahi kabla hujaendesha. Weka msasa juu ya kioo au tailosi uwe bapa, sugua pedi kwa herufi nane mpaka mng'ao uishe. Iloweshe maji kidogo au vaa barakoa, ule unga usiingie kifuani. Ila ikishaendeshwa siku nzima ina mafuta kama zako hizo, achana nayo.

---

kinara_wa_ngong

Sasa nyinyi wote mmesema poa lakini kuna kitu hamjagusia. Mimi niko Nairobi, weekend nyingi niko Ngong Hills, na hiyo story yako ilinipata 2022 lakini mwanzo wake ulikuwa tofauti. Nilikuwa naosha diski, naweka pads mpya, wiki mbili inaanza kulia tena. Nikaosha, nikaweka zingine. Nilimaliza seti tatu nikidhani ni vumbi la huko juu. Kumbe mafuta yalikuwa yanatoka NDANI, kwa kalipa yenyewe. Sili ya pistoni moja ilikuwa imechoka, inatoa mafuta kidogo kidogo hata huwezi kuona kwa macho.

Kwa hivyo boss, baiskeli yako ni ya mtumba, kabla uweke pads mpya fanya hii test. Kalipa ikiwa safi na kavu, pads za zamani ndani (zile unatupa, ukizifuta vizuri), rudisha gurudumu, zungushia tishu nyeupe chini ya kalipa na ingine ndogo ndani nyuma ya pads kama inaingia. Halafu bana mkono wa breki na ufunge na kipande cha tyubu, uache usiku mzima. Asubuhi angalia tishu. Ikiwa kavu, shida ilikuwa tu ile spray yako. Ikiwa na alama ya mafuta, hata uweke pads za dhahabu ni kazi bure.

Na usibane mkono ukiwa umetoa gurudumu bila kitu katikati, pistoni zitatoka nje. Zikitoka sana zirudishe polepole na kijiti cha mbao au ile plastiki ya kutolea tairi, si bisibisi, pistoni za Shimano nyingi ni seramiki na zinapasuka.

---

bahari_na_pedeli

Assalam alaykum kaka yangu. Mimi ni dada wa Mombasa, naendesha kwenda kazini kila siku na kurudi kupitia Nyali. Naongeza mawili tu.

La kwanza, wewe na fundi wako ndio mlioweka mafuta, sawa, lakini yako mengine yanaingia mtu hajui. Mimi ya kwanza nilipeleka baiskeli pale wanapooshea magari, kijana kaiosha vizuri kabisa kisha kwa upendo wake akanipulizia ile dawa ya kung'arisha tairi. Ile ni silikoni. Imeenda mpaka kwenye diski, na silikoni kuitoa kwenye diski ni kazi kuliko oil. Ya pili niliisafirisha kwenye buti ya basi, ikalazwa pamoja na galoni la mafuta ya kupikia ambalo kifuniko hakikukazwa. Sasa hivi nikisafiri nazifunga diski mfuko wa plastiki na utepe wa karatasi wenye gundi, kila safari.

La pili, na hili nakuomba ulishike: ikiwa hiyo kalipa inavuja na ukamrudia yule fundi, atataka kukuongezea mafuta ya breki ya pikipiki. Usikubali. Breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini, mafuta ya pikipiki na gari ni DOT. Ukitia DOT ndani ya Shimano zile sili zinavimba na zinaoza, na utapoteza kalipa na mkono wa breki pamoja. Breki nyingi za SRAM, kampuni nyingine, ndizo zilizoundwa kwa DOT, na huko nako ukitia mafuta ya madini unaziharibu. Soma kifuniko cha kwenye mkono wa breki, huwa imeandikwa.

---

cheni_kavu

Nimesoma yote, nakubali. Zile zangu nilizochoma za pili kweli zilianza kumomonyoka pembeni, nilidhani ni ubora tu. Nimezitoa leo. Mshuka_milima usifuate nilichoandika juu.

---

mshuka_milima

Wakuu narudi na majibu, leo Alhamisi usiku.

Pedi B05S seti mbili nilitumiwa na jamaa wa Dar kwa basi, zimefika jana jioni. Alkoholi kweli nimepata kwa fundi simu, nikaipima kwenye kioo kama mkuu alivyosema, haikuacha kitu. Ile surgical spirit ya duka la dawa nayo nikaipima kwa udadisi, imeacha duara linateleza kabisa kwa kidole! Ningeipaka diski ile nikajiona nimesafisha.

Diski nimeosha mara tatu. Mara ya kwanza maji yalitoka na grisi nyeusi kutoka kwenye vitundu, sikuamini ilivyokuwa nyingi. Unene mbele 1.7 nyuma 1.6, fundi wa kuchomelea alinipimia bure.

Sasa ile test ya tishu. Nimefunga mikono yote miwili usiku wa kuamkia leo. Mbele tishu kavu kabisa. Nyuma asubuhi nimekuta kidoa kama punje ya mchele, upande wa ndani. Nimeifuta kalipa nikarudia mchana kutwa, kidoa kimerudi palepale.

Mbele nimeweka pedi mpya na nimeenda uwanja wa mpira kuzizoesha, kukimbiza kidogo halafu kubana mpaka mwendo wa kutembea bila kusimama kabisa. Nimefanya kama mara kumi na tano, mwanzoni haikushika vizuri nikaingiwa na wasiwasi, ilipofika ya nane au ya tisa hivi nikasikia inavuta. Sasa ukibana kwa kidole kimoja inashika na haitoi sauti yoyote.

Nyuma nimeiacha bila pedi mpya. Mgeni nimemtafutia baiskeli nyingine ya binamu yangu yenye breki za waya, nimezikagua mwenyewe na nimeshuka nayo mpaka Soni na kurudi. Hii yangu Jumamosi inabaki nyumbani. Je hiyo sili ya kalipa inauzwa peke yake nibadilishe?

---

gereji_ya_nyumbani

Umefanya uamuzi wa mtu mzima kuiacha nyumbani, nimefurahi kweli kusoma hapo.

Sili peke yake Shimano hawauzi, ni kalipa nzima. Lakini kabla hujanunua jaribu kitu kimoja, wakati mwingine inayovuja sio sili ya pistoni ni pale mpira wa kupitisha mafuta unapoungana na kalipa, au ile nipeli ya kutolea hewa haijakazwa. Mafuta yanatambaa kwa chini mpaka yanaonekana kama yametoka kwa pistoni. Futa kote pakauke, funga tishu tofauti kwenye kila kiungo, bana tena usiku mmoja, asubuhi angalia iliyoanza kulowa. Ikiwa ni kiungo unaweza kukaza taratibu ukapona bila gharama. Ikiwa ni pistoni tafuta kalipa, na hata ya mtumba inafaa ila uifanyie jaribio hilo hilo la tishu ikishafungwa kwenye baiskeli, kabla pedi mpya hazijaisogelea.

Ukibadilisha kalipa lazima utoe hewa, na mafuta yawe ya madini kama dada wa Mombasa alivyosema. Toa gurudumu na pedi kwanza kabla ya kugusa hayo mafuta, weka kipande cha mbao safi katikati ya pistoni, na diski iwe chumba kingine kabisa.

Na hiyo nyuma 1.6 bado ina maisha ila uipime tena baada ya hizi pedi kuisha.

---

mshuka_milima

Sawa mkuu, tishu nimeshazifunga sasa hivi, tatu, mpira, nipeli na chini. Nitawaambia asubuhi.

---

mshuka_milima

Ni nipeli. Tishu ya kwenye nipeli imelowa, zile mbili kavu. Nimekaza robo mzunguko, nimefuta, nimefunga tishu mpya na mkono umebanwa tena. Pedi za nyuma bado ziko kwenye pakiti yake, siifungui mpaka nione usiku mbili kavu mfululizo.